Tengeneza fokasi kabla hujanunua darubini nyingine

Hakuna mkulima anayetupa bomba la kunyunyizia dawa kwa sababu nozeli imeziba. Lakini darubini za kuangalia nyota, za nyumbani na hata za shuleni, huishia kabatini kwa tatizo dogo kama hilo: fokasi inacheza. Mtoto anaielekeza mwezini, picha inarukaruka, anakata tamaa na hairudii tena. Maoni yangu ni kwamba kabla ya kutafuta hela ya darubini mpya, tafuta bisibisi ndogo na saa moja ya subira.

Anza na kupima. Elekeza mwezini, zungusha kinobu mbele na nyuma. Picha ikihama pembeni, neli inacheza. Kinobu kikizunguka bila neli kusogea, gia haijashika meno. Kaza kidogo kidogo skrubu za bamba linaloshikilia gia. Usikaze kwa nguvu, plastiki hupasuka.

Neli ikiendelea kucheza, ichomoe. Kata vipande vyembamba vya chupa ya plastiki, uvibandike ndani ya kasha lake, mbali na meno. Hapohapo futa grisi ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, upake mpya, nyepesi na kidogo tu. Grisi nzito huwa ngumu kwenye baridi yetu ya Juni na Julai. Mafuta ya kula usitumie: yananasa vumbi, na vumbi la kiangazi cha Songea mnalijua. Petroli nayo huharibu plastiki.

Uboreshaji wa kwanza hauna gharama. Bana kibanio cha nguo kwenye kinobu. Urefu wake unakuwezesha kuzungusha taratibu sana bila kutikisa darubini.

Kununua fokasi mpya sishauri kwa haraka. Ile ya Crayford, isiyo na meno, aliyoibuni Mwingereza John Wall, ni laini kweli. Lakini pima kwanza: darubini nyingi za zamani za bei nafuu huchukua lenzi ya jicho ya milimita 24.5, nyingi za sasa milimita 31.7. Na boksi lisikudanganye: darubini yenye kipenyo cha milimita 60 haikuzi vizuri zaidi ya takribani mara 120, hata ukiifungia fokasi ya dhahabu.

Onyo moja: jua lisiangaliwe kamwe bila kichujio maalumu mbele ya darubini.

Kiangazi anga letu ni safi. Itoe kabatini wiki hii.