Orodha Isiyotaja Mwisho Wake ni Hatari kwa Mgonjwa

Tunapozungumzia usalama wa mgonjwa, fikra zetu huelekea haraka kwenye unawaji wa mikono, vipimo sahihi vya dawa na uhakiki wa damu kabla ya kuongezwa. Ni nadra kwetu kuifikiria orodha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya daktari na muuguzi hufanyika mbele ya orodha: majina ya wanaosubiri, matokeo ya maabara, dawa zinazotumika, mizio iliyowahi kuripotiwa. Hoja yangu katika makala haya ni moja: namna kompyuta inavyopakia orodha ndefu na kuifunua ukurasa baada ya ukurasa ni suala la tiba, na hatupaswi kuliacha mikononi mwa mafundi peke yao.

Ili tulielewe jambo hili, inafaa tuanzie kwenye skrini za maandishi matupu, zile zisizo na picha wala kipanya, ambazo kwa miongo mingi zimeendesha benki, maghala na hospitali. Skrini ya kawaida ya aina hiyo ina mistari 24, na kila mstari una nafasi ya herufi 80. Ukitoa mistari ya kichwa cha habari na ile ya maelekezo ya vitufe, hubaki nafasi ya kumbukumbu zipatazo kumi na tano hivi. Kwa hiyo, orodha ya kumbukumbu 3,000 itahitaji kurasa 200. Watunga programu wa mashine za IBM AS/400, zilizotangazwa mwaka 1988, walilikabili tatizo hili kila siku, na walikuwa na njia kuu tatu za kulitatua.

Njia ya kwanza ni kupakia orodha yote kwa pamoja kabla ya kuonyesha chochote. Mtumiaji husubiri mwanzoni, kisha hufunua kurasa kwa wepesi. Lakini katika mashine hizo orodha ya namna hiyo haikuweza kuzidi kumbukumbu 9,999. Zaidi ya hayo, anachokiona mtumiaji ni nakala ya saa ilipopakiwa. Jibu la maabara lililoingia dakika kumi baadaye halimo. Njia ya pili ni kupakia ukurasa mmoja, kisha kuongeza mwingine chini yake kila mtumiaji anapouhitaji. Njia ya tatu ni kupakia ukurasa mmoja tu na kuufuta kila unapokuja mwingine. Hii ya tatu ni nyepesi kwa mashine na huleta habari mpya zaidi, lakini humtaka mtunga programu akumbuke kwa usahihi pale alipoishia.

Hapo ndipo penye hatari. Chukulia kwamba daktari ana matokeo 40 yanayosubiri kusomwa na kutiwa sahihi, nayo skrini huonyesha 15 kwa wakati mmoja. Katika ukurasa wa kwanza anatia sahihi matano, nayo matano hayo yanaondoka kwenye orodha. Yaliyobaki yanapanda juu: tokeo lililokuwa la 16 sasa ni la 11, na lililokuwa la 20 sasa ni la 15. Daktari anabonyeza kitufe cha ukurasa unaofuata. Ikiwa programu inahesabu nafasi tu, italeta kumbukumbu kuanzia ya 16 katika hesabu mpya, yaani ile iliyokuwa ya 21 hapo awali. Matokeo matano yamepita katikati ya kurasa mbili bila kuonwa na mtu. Daktari atafika mwisho akiamini kwa dhati kwamba amesoma yote. Endapo mojawapo ya hayo matano ni potasiamu ya milimoli 6.9 kwa lita, moyo wa mgonjwa unaweza kusimama kabla orodha haijafunguliwa tena.

Dawa ya kasoro hii inajulikana na haina gharama kubwa. Badala ya kuhesabu nafasi, programu ikumbuke utambulisho wa kumbukumbu ya mwisho iliyoonyeshwa, kisha iendelee na ile inayoifuata. Hata kumbukumbu kumi zikiondoka juu, hakuna itakayorukwa chini.

Wapo watakaosema kwamba matokeo ya hatari hupigiwa simu na maabara, hivyo orodha si kinga ya pekee. Ni kweli, na utaratibu huo udumu. Lakini simu inaweza kukosa mpokeaji, na matokeo mengi yenye uzito hayamo katika kundi la kupigiwa simu: kreatinini inayopanda polepole, au jibu la uchunguzi wa kinyama linaloonyesha saratani changa. Kwa matokeo ya aina hii, mara nyingi orodha ndiyo mlinzi aliyebaki.

Jambo la pili ni alama ya mwisho. Skrini za AS/400 ziliweza kuandika pembeni, chini ya orodha, neno la kujulisha kwamba kumbukumbu zinaendelea, na katika ukurasa wa mwisho neno la kujulisha kwamba zimekoma. Ni jambo dogo, lakini lina heshima kwa msomaji. Mifumo mingi ya leo yenye rangi na madirisha hukata orodha ya mizio au ya dawa bila kuashiria kwamba kuna mengine chini. Muuguzi akiona mizio mitatu huamini ni mitatu, kumbe wa nne ni penisilini.

La tatu ni uchaguzi wa mgonjwa. Katika VistA, mfumo wa hospitali za askari wastaafu wa Marekani uliokulia kwenye skrini za maandishi, ukitafuta jina lenye wengi huletewa watano kwa wakati mmoja, kisha huulizwa kama unataka kuona zaidi. Mfumo huo pia humruhusu mtumiaji aandike herufi ya kwanza ya jina la ukoo pamoja na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na orodha hupungua mara moja. Funzo ni kwamba njia salama ya kushughulika na orodha ndefu ni kuifupisha kabla ya kuifunua. Kwetu, ambako akina Fatuma Juma wanaweza kujaza ukurasa mzima, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa zitangulie jina.

Napendekeza, basi, kwamba hospitali yoyote inayonunua au kutengeneza mfumo iujaribu kwa orodha ndefu inayobadilika, si kwa wagonjwa watano wa maonyesho. Kila orodha itaje jumla ya kumbukumbu, ionyeshe mwisho wake na saa ilipopakiwa. Mhudumu wa afya naye, baada ya kutia sahihi, airudie orodha tangu juu na asiiache mpaka idadi ilingane.

Nawe mgonjwa una nafasi yako. Kuuliza si ujinga. Ukiambiwa majibu yako ni mazuri, uliza kwa adabu: "Daktari, vipimo nilivyochukuliwa ni vitano, majibu yote matano yamefika?" Swali hilo halimdharau daktari. Humsaidia kufunua ukurasa ambao pengine skrini haikumwonyesha.