Jicho la nyoka likiwa jeupe, toa mkono wako

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Majaribio yametubana, bumu limechelewa, na hapa hosteli umeme umekuwa wa kuotea. Leo nimekaa kwenye kimbweta nje ya maktaba nikasema potelea mbali, lazima niandike, maana jana usiku kuna mjadala chumbani umeniacha sina usingizi.

Ilikuwa hivi. Rumeti wangu alikuwa anaangalia kwenye simu video ya ngoma ya Kisukuma, mchezaji kamzungusha chatu shingoni. Mshikaji wa kitanda cha juu akachungulia, akasema, "Huyo nyoka kipofu, si unaona macho meupe? Wanawatoboa hao, ndiyo maana hawaumi." Mwingine akasema hapana, hizo ni dawa za kienyeji. Wakacheka, wakahamia kwenye mpira. Mimi sikucheka. Mimi nimewahi kumharibia chatu jicho kwa mikono yangu hii, nikidhani namtibu. Hapa chuoni sijamwambia mtu. Nawaambia ninyi leo, kisha nitatoa hoja yangu.

Mimi ni mtu wa Ngara, wasomaji wa siku nyingi mnalijua hilo. Ila mjomba wangu ana duka Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, pale njia panda ya Kigoma, Kahama na Rusumo. Likizo nyingi nashukia pale kumsaidia kuuza. Biharamulo wapo Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na hawakuziacha ngoma zao nyuma. Kwa wasiojua, Usukumani ngoma ni mashindano kati ya kambi mbili, Bagika na Bagalu, na wale wa nyoka wanaitwa Bayeye, ambao wanajulikana pia kwa dawa za kuumwa na nyoka. Ukitaka kuwaona kwa utaratibu nenda Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kila Juni kuna sherehe ya Bulabo pale, na nyoka hawakosekani.

Sasa jirani wa mjomba ni mzee wa ngoma hizo. Simtaji jina wala kitongoji, mtaelewa kwa nini. Ana chatu jike, kama mita tatu hivi, anamfuga kwenye sanduku la mbao nyuma ya jiko. Harusi, mnada, sherehe za kijiji, mzee anaitwa na chatu wake, anapata chochote, wajukuu wanapata daftari. Huyo nyoka kwake ni kama jembe.

Agosti mwaka jana ilikuwa kiangazi kikali, vumbi la malori kila mahali. Chatu akajivua gamba (siyo lile la wanasiasa la mwaka 2011, gamba halisi). Kwa kawaida linatoka zima kama soksi unayoivua kwa kuigeuza. Safari hii likatoka vipande vipande, na jicho la kushoto likabaki na utando mweupe kama kipande cha nailoni. Mjukuu wake akalipaka dawa ya macho ya watu ya kwenye tyubu. Wiki nzima hakuna kitu.

Mzee akaenda kuuliza kwa mtaalamu wa mifugo. Akajibiwa kwa upole tu kwamba huyo si mfugo, huyo ni mnyamapori, kaulize kwa watu wa wanyamapori. Huko mzee hakwenda. Aliogopa wasije wakaanza na vibali kabla hawajafika kwenye jicho. Akaniita mimi.

"Mwalimu, wewe si unasomea mambo ya viumbe? Hebu njoo uone."

Nikaenda na tochi ya simu, kifua mbele. Mwaka wa pili, Baiolojia na Jiografia, nani kama mimi? Nikasema mzee, hii ni ngozi iliyokufa, ikibaki itaoza, tuitoe. Mzee akasema taratibu, "Mjukuu wangu, si tusubiri? Atajivua tena huyu." Nikamwambia hapana, sayansi haisubiri. Ndivyo nilivyosema, jamani. Watu wawili wakamshika chatu, mimi nikashika kibano cha kutolea miiba, nikavuta.

Ukatoka. Ila haukutoka wenyewe, ulitoka na kilichokuwa chini yake. Jicho likawa na majimaji, kesho yake likaanza kukauka, baada ya wiki mbili likawa limenywea kama zabibu. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, bado ana moja." Hilo neno limenikaa mpaka leo.

Niliporudi chuoni ndipo nikatafuta, maktaba na kwa rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari wa mifugo pale Sokoine, Morogoro. Mambo niliyoyakuta siyo ya kutisha, ni mepesi, na ndiyo yanayoniuma.

Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, kama kioo cha saa, na gamba hilo hubadilishwa pamoja na ngozi yote anapojivua. Siku chache kabla ya kujivua, majimaji hujaa kati ya gamba la zamani na jipya, na macho yote mawili yanakuwa ya rangi ya maziwa yenye ubuluu. Hapo nyoka haoni vizuri, anakuwa na hasira, hataki kula, na ni vizuri asishikwe. Kisha macho hung'aa tena, na siku chache baadaye anajivua. Kwa hiyo washikaji wangu wa chumbani, weupe wa macho yote mawili mara nyingi siyo kutobolewa wala uchawi. Ni nyoka anayejiandaa kubadilisha nguo, na kosa la mchezaji hapo ni kumtoa sandukuni siku hizo.

Tatizo ni pale gamba la jicho linapobaki baada ya ngozi kutoka. Sababu kubwa ni ukavu. Sanduku la mbao nyuma ya jiko, moshi na joto, Agosti ya Biharamulo, maji kidogo, hakuna jiwe wala gogo la kujisugulia. Nyingine ni utitiri unaojificha pembeni mwa jicho, ugonjwa, au kidonda cha zamani. Namna ya kujua ni kuchukua ngozi iliyovuliwa na kutazama sehemu ya kichwa. Ukiona vioo viwili vya mviringo, macho yametoka salama. Ukiona tundu badala ya kioo, kimebaki.

Kikibaki, tiba ya kwanza ni unyevu na subira. Mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu yenye kina kifupi, kichwa kiwe juu, huku ukimwangalia. Muache apite katikati ya mataulo yaliyolowa. Weka gunia bichi ndani ya sanduku na uliondoe jikoni. Mara nyingi kinatoka chenyewe, na kisipotoka, unasubiri ajivue tena, kama alivyosema mzee. Usivute. Chini ya gamba kuu kuu kuna jipya, na ukilibandua hilo konea inabaki wazi, na nyoka hana kope wala namna ya kuilinda isikauke.

Na ile dawa ya tyubu? Ilikuwa inapakwa juu ya kioo. Gamba zima haliipitishi ifike ndani, ni sawa na kupaka dawa juu ya dirisha ukitegemea imponye aliye chumbani. Ila jicho moja likivimba, au likiwa na weupe au rangi ya usaha wakati si msimu wa kujivua, hiyo siyo ya gunia bichi tena. Maji yanayolainisha jicho hushuka kwa mrija mwembamba hadi kinywani, na vidonda vya kinywa vinaweza kupandisha maambukizi kwa njia hiyo hiyo. Hapo ni daktari afungue tundu dogo kwenye gamba, atoe usaha, asafishe na kuchagua antibiotiki. Siyo mjomba, siyo mwalimu, siyo kibano.

Sasa hoja yangu. Najua kuna mtu anasema, huyu naye, watoto wanakaa chini darasani, watu wanapofuka kwa kukosa miwani, yeye anahangaika na jicho la nyoka. Namwelewa. Lakini jicho lile halikupotea kwa kukosa pesa. Maji yalikuwepo, gunia lilikuwepo, subira mzee alikuwa nayo. Lilipotea kwa sababu msomi alikuja na haraka, na asiye na cheti akanyamaza kwa heshima ya cheti. Mwakani nitapewa chaki na watoto arobaini au themanini. Nikienda na tabia hiyo hiyo, nitayavuta macho mangapi?

Tunafundisha kidato cha kwanza mpaka cha nne kwamba nyoka ni reptilia, ana magamba, damu yake ni baridi. Mwanafunzi anapata alama zake, anafunga daftari, anatoka nje na kumpiga jiwe wa kwanza anayemwona. Hakuna anayemwambia kwamba nyoka huyo hawezi kufumba macho. Mimi mwenyewe nilipata alama nzuri kwenye mada hiyo!

Wengine mtasema dawa ni moja, wafugaji wanyang'anywe nyoka warudishwe porini. Sheria ipo, ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Sitetei kuivunja. Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, imeingia mpaka Biharamulo, na chatu porini hahitaji gunia la mtu. Lakini angalieni hofu inavyofanya kazi. Mzee akiogopa kuuliza, nyoka haendi porini, anabaki sandukuni na jicho bovu, na anayeitwa ni mimi. Ningependa mzee aweze kuuliza kwanza, mambo ya kibali yafuate kwa kuelekezana. Na mtaalamu wa mifugo wa kata, hata kama nyoka si kazi yake, angalau awe na sentensi moja ya kusema: "Usivute, mloweshe, nami nitakuulizia." Sentensi hiyo haina gharama.

Na kwa wafugaji wenyewe, wazee wetu wa ngoma, nasema kwa heshima zote: shikamooni, lakini subira peke yake haitoshi. Mzee wangu alijua kusubiri, hakujua kwamba sanduku linakausha. Mimi nilijua majina ya sehemu za jicho, sikujua kusubiri. Tungekaa dakika kumi tukaulizana kabla ya kushika kibano, chatu angekuwa na macho mawili. Mnyama ukishamweka sandukuni, hana tena mto wala majani mabichi ya kujitafutia. Unyevu wake ni wewe.

Baada ya Krismasi nilimpigia mjomba nikamwomba ampelekee mzee simu. Nikamweleza yote, na nikaomba radhi. Akasikiliza, akauliza maswali mawili tu: gunia lilowe kiasi gani, na sanduku liwe umbali gani kutoka jikoni. Nikamwambia lilowe bila kuchuruzika, apate na sehemu kavu ya kulala asije akaota vidonda vya ngozi, na sanduku likae mbali na moto lakini asije akapigwa na baridi. Mwezi wa pili mjomba akanitumia picha. Ngozi nzima, imetoka kama soksi, imetandazwa juu ya meza ya duka. Kichwani upande wa kulia kuna kioo kimoja, safi, mviringo. Upande wa kushoto kuna tundu.

Chatu bado anacheza. Mjomba anasema mzee sasa anamshika kwa namna ambayo jicho zima linaelekea kwa watu, na kwamba nyoka mwenyewe hajambo, anakula, maana chatu ana vishimo mdomoni vya kuhisi joto na ulimi wa kunusa. Nashukuru. Ila hilo halifuti lile tundu.

Likizo hii nikipita Nyakanazi nitakwenda kumsalimia mzee uso kwa uso. Kibano nimekiacha kwa mjomba, kitoe miiba.

Naomba kutoa hoja. Ngoja niwahi foleni ya chakula. Siku njema wadau.