UCHAMBUZI: Hesabu ya 'zaidi ya nusu' inayoamua urais Kenya

KATIKA siasa za Kenya, maneno 'zaidi ya nusu' yana uzito kuliko hotuba nyingi za kampeni. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wananchi hurejea vituoni kwa duru ya pili.

Masharti hayo si milinganyo yenye jibu moja. Ni hesabu za kutolingana zinazofundishwa katika aljebra, ambazo jibu lake ni safu nzima ya namba. Kinachogombaniwa ni mahali mpaka ulipo.

Mfano ulio wazi ni uchaguzi wa Machi 2013. Tume ya Uchaguzi (IEBC) ilitangaza kuwa Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, sawa na asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura 8,419 tu. Lakini katika jumla hiyo zilikuwamo kura 108,975 zilizokataliwa.

Wagombea wengine saba kwa pamoja walipata kura 6,047,620. Iwapo z ni idadi ya kura zilizokataliwa, sharti la nusu kwa hesabu ya Tume linakuwa hivi:

6,173,433 > 6,047,620 + z

Kanuni inaruhusu kutoa kiasi kilekile pande zote mbili bila alama kugeuka. Alama hugeuka pale tu pande zote zinapozidishwa au kugawanywa kwa namba hasi. Jibu ni z < 125,813. Kwa maneno mengine, kama kura nyingine 16,838 zingekataliwa juu ya zile za awali, bila kura halali kubadilika, mshindi angebaki kwenye nusu kamili, na nusu kamili si zaidi ya nusu. Duru ya pili isingeepukika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Karatasi zilizotiwa alama vibaya, ambazo hazikumchagua yeyote, zingeweza kumnyima mtu ushindi. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Machi 30, 2013, ilisema kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kukokotoa asilimia. Kwa tafsiri hiyo z inaondoka, na Kenyatta anafikia asilimia 50.51.

Usemi wa mitaani wa 'hamsini jumlisha moja' nao unahitaji uangalifu. Kura zikiwa 101, nusu yake ni 50.5, hivyo kura 51 zinatosha. Anayeongeza moja juu ya nusu atapata 51.5 na kudai kura 52, jambo ambalo Katiba haikulisema.

Sharti la kaunti lina mpaka wa aina nyingine. 'Angalau' inakubali robo kamili: mgombea anatimiza sharti iwapo kura zake zikizidishwa kwa tatu hazipungui kura za wapinzani wake wote katika kaunti hiyo.

Hisabati huonyesha mpaka ulipo pale tu sheria inapokuwa imeshasema nini kihesabiwe. Suala hilo likiachwa wazi hadi matokeo yatangazwe, kila upande utachagua jumla inayoufaa.