Superman Naye Hana Kitambulisho

Hii ni kwenu vijana wenzetu, pamoja na ninyi mnaovaa vesti za mashirika na kutuandikisha kila siku. Leo hatuandiki kuhusu mgao. Kwamba mgao umepungua kila nyumba inajua, hata sufuria zinajua. Leo tunaandika kuhusu nguo za mchezo. Tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla hamjasema, "Hawa watoto wamekosa kazi."

Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kakuma. Wengine tumetoka Kivu ya Kusini, wengine Burundi, Sudan Kusini na Somalia. Kinachotuunganisha ni komiki na anime. Tulianza kwa kuangalia kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, watu saba vichwa vimegusana, na bando ikiisha tunamalizia hadithi wenyewe kwa mdomo. Baadaye tukasema, kwani lazima tuangalie tu? Nairobi kuna matamasha makubwa ya komiki na kosplei. Twende.

Kosplei, kwa asiyejua, ni kujitengenezea nguo za mhusika unayempenda wa filamu, katuni au gemu, uzivae na uwe yeye siku nzima. Ukinunua nguo dukani hakuna anayekukataza, lakini heshima yote iko kwa yule aliyetengeneza kwa mkono wake.

Na kutengeneza ndiko tunakokujua. Mkimbizi hatupi kitu. Ile alama ya chuma anayovaa Naruto kwenye paji la uso tuliikata kwenye kopo la mafuta ya msaada, tukachora kwa msumari. Vazi la kifuani tulitengeneza kwa sponji ya godoro lililochoka na gundi ya fundi viatu. Manyoya ya M'Baku, yule mkubwa wa milimani kwenye filamu ya Black Panther ya 2018, yalikuwa nyuzi za magunia ambazo tulizichambua wiki mbili nzima. Joho jekundu la Superman lilikuwa pazia. Mwenye pazia alikuja kujua baadaye, na tumeshaomba msamaha.

Aliyeshona karibu kila kitu ni dada yetu mmoja, Mkongo, anayefanya kazi sokoni kwa cherehani ya kukanyaga ya mama yake. Ukimwonyesha picha ndogo ya simu, anakupima kwa macho tu na kesho nguo iko tayari. Hatutaji jina lake hapa, lakini mkumbukeni. Habari hii ni yake zaidi kuliko yetu.

Tulijiandaa watu wanane. Lakini mnajua mkimbizi hapa hatoki kambini hivi hivi, lazima awe na kibali. Sababu zinazoeleweka haraka ni hospitali, shule na biashara. Yetu haikueleweka.

"Mnaenda kufanya nini?"

"Tunaenda kwenye tamasha la kosplei."

"La nini?"

Tukaeleza. Mkubwa yule akacheka, si kwa ubaya, akasema: "Kuna watu wanaomba kwenda kutibiwa, ninyi mnataka kwenda kucheza?" Siku ile tulikosa jibu. Leo tunalo, na tutalitoa.

Siku zikaenda. Njoo kesho, njoo Jumatano, mtandao umekatika, aliyeshika faili hayupo. Hatutaji ofisi wala mtu, maana tunajua hata wao wana foleni kubwa kuliko viti vyao. Mwisho watano tukapata na watatu wakakosa. Hakuna aliyewaambia hapana, walikaa tu bila jibu. Mmoja wa wale watatu ni fundi wetu. Usiku wa kuondoka alitukunjia nguo zote kwenye gunia, akaweka sindano, uzi mweupe na uzi mweusi, akasema, "Zikipasuka njiani, mujishonee. Na muniletee picha."

Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Lodwar, Kitale, Eldoret, Nakuru, na vizuizi katikati. Kizuizi kimoja afande akapanda basi, akakagua vibali vyetu, vikawa sawa. Kisha akaona gunia.

"Vijana, hii ni nini?"

"Nguo za mchezo, afande."

Akavuta joho jekundu. Akatoa na nguo ya bluu yenye herufi kifuani. Akaangalia, akatuangalia. "Na huyu Superman, ana kitambulisho?"

Basi zima likacheka. Sisi tulicheka pia, lakini mmoja wetu akanong'ona, "Kweli lakini. Hana."

Ebu mfikirie. Wazazi wake walimtia kwenye chombo akiwa mtoto mchanga kwa sababu kwao kulikuwa kunaangamia. Akatua mashambani Kansas, peke yake, bila karatasi, bila shahidi. Wakulima wakamchukua na kumpa jina jingine. Hapa kambini tunawaita watoto waliofika bila wazazi, na wako kila bloku. Waliombuni walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji Wayahudi, na alitoka kwenye komiki kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Naruto wa Masashi Kishimoto naye ni yatima ambaye kijiji kizima kinamkwepa. Kamala Khan, aliyepata komiki yake mwaka 2014, ni binti Mwislamu wa familia iliyotoka Pakistani, anaishi Jersey City na hajui awe wa kwao au wa huko. Hatukuchagua wahusika hawa kwa sababu wanavaa vizuri. Tuliwachagua kwa sababu wanatufahamu.

Sasa tuwaambie kilichotokea mlangoni pa ukumbi. Kelele, muziki, mapanga ya katoni, nywele za rangi zote. Binti yetu Msomali alikuwa Kamala Khan, na hijabu yake alishonewa kwa rangi zile zile za nguo, nyekundu na bluu. Alikuwa na wasiwasi watu watamwonaje. Hatujafika hata meza ya kwanza, kijana mmoja wa Nairobi akaja mbio na kuuliza, "Wewe ni nani?"

Jamani, swali hilo tunalijua. Tumeulizwa mapokezi, tumeulizwa wakati wa kuhesabiwa, tumeulizwa kwenye foleni ya chakula. Na jibu lake siku zote ni namba, ni nchi, ni ukubwa wa familia. Safari hii binti akasimama sawasawa na kujibu, "Mimi ni Kamala Khan." Yule kijana akapiga kelele, akaomba picha, akauliza ameshona vipi ule ukingo wa hijabu.

Saa nne nzima hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. M'Baku wetu ni mrefu kama nguzo ya stima, watoto walikuwa wanampanga foleni. Wanaojua kazi walishika ile alama ya Naruto na kuuliza ni bati gani. Tukasema, kopo la mafuta. Wakasema, "Aisee, sisi tunanunua vifaa kwa bei mbaya!" Tukawafundisha namna ya kupinda bati bila kujikata. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii, sisi ndio tulikuwa tunatoa mafunzo.

Halafu tukapanda jukwaani kwa mashindano. Kwenye fomu tulikuwa tumeandika majina ya wahusika, na chini tukaandika jina la fundi. Lakini mtu mmoja aliyetusaidia, kwa moyo mzuri kabisa, alikwenda kumnong'oneza mshereheshaji. Tukasikia kwenye spika: "Na sasa tuwapigie makofi ya nguvu wakimbizi wetu kutoka Kakuma, ambao licha ya mateso yote..."

Makofi yalikuja, lakini yalikuwa yamebadilika. Waliokuwa wanaita "Naruto! Naruto!" walinyamaza, wakaanza kupiga yale makofi ya polepole ya kumhurumia mtu. Jina la fundi halikusomwa. Tuliposhuka, wale waliokuwa wanauliza tumeshonaje sasa wakauliza tumeponaje. Mama mmoja mwenye kamera alimwendea Kamala wetu, akamshika bega na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Umepitia nini, binti yangu?"

Akajibu, "Nimepitia Kitale."

Tunacheka mpaka leo. Lakini ndani ya gari la kurudi hatukucheka. Tulikuwa tumekwenda kilomita zote zile kuvua nguo moja tu, ile ya ukimbizi, na tukavalishwa tena mbele ya watu kwa maneno mazuri.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo tunaposemea na ninyi. Hatukatai kuwa wakimbizi. Ukweli hauna aibu, na akituuliza mtu tukiwa tumekaa, tutamweleza. Tunachokataa ni mtu mwingine kuamua lini tuelezwe. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa kabla ugonjwa wake haujatangazwa. Tuulizeni na sisi.

Na sasa jibu la "mnataka kwenda kucheza". Ndiyo, mkubwa, tulikwenda kucheza. Mgonjwa atangulie, hilo hatubishani, na hakuna kati yetu anayetaka kiti cha mgonjwa kwenye basi. Lakini kumjibu mshonaji ndiyo au hapana kabla ya tarehe ya safari hakumnyang'anyi mgonjwa kitu. Na mchezo huu si wa wavivu. Ndani yake kuna ushonaji, uchoraji, kupima, kukata, kupanga bajeti ya bamba chakula iliyobaki. Mambo hayo hayo mnatufundisha kwenye semina za siku tatu zenye soda. Sisi tulijifundisha bila soda.

Tena matamasha haya yote yalianza kidogo. Lile la San Diego huko Marekani, ambalo sasa linaingiza zaidi ya watu 130,000, mwaka 1970 lilifanyika hotelini na watu kama 300. Lile la Tokyo linaloitwa Comiket lilianza mwaka 1975 na watu kama 700. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1939 New York, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi, walikuja watu wawili wamevaa nguo za wakati ujao: Forrest Ackerman na Myrtle Douglas. Miaka mingi watu walimtaja Ackerman kuwa baba wa kosplei. Nguo zote mbili alishona Myrtle.

Tulipoisoma hiyo habari tulinyamaza. Maana na sisi tumefanya hivyo hivyo. Jina la fundi wetu liliporukwa jukwaani, maikrofoni ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Superman. Hakuna hata mmoja wetu aliyeisogelea. Lawama hiyo si ya shirika wala ya mshereheshaji. Ni yetu.

Tamasha liliisha Jumapili. Kibali cha fundi kilitoka Jumatatu. Alipokichukua alikisoma mbele na nyuma, akakikunja, akakiweka kwenye mkebe wake wa vifungo. Tukamwonyesha picha. Aliziangalia zote polepole, akakuza moja kwa vidole viwili na kusema, "Hapa kwa bega palipasuka. Nani alishona?" Tukakubali ni sisi. "Mumeshona vibaya," akasema, akavuta joho na kuanza kufumua.

Basi tunaomba mambo matatu. La kwanza, mtu akiomba kibali cha kwenda kwenye sanaa au mchezo, ajibiwe kabla ya siku yenyewe. Hata mkikataa, semeni mapema, apange mambo yake. La pili, mkitupeleka mahali, tuulizeni tunataka kutambulishwa vipi, na mfuate tutakavyosema. La tatu, tupeni uwanja hapa hapa. Malawi, kwenye kambi ya Dzaleka, kuna tamasha la Tumaini lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi, na watu hutoka nje kuingia kambini kusikiliza muziki na kuangalia sanaa. Kama Dzaleka wameweza, uwanja wa shule moja ya Kakuma Jumamosi moja hautatushinda. Hapo hata asiye na kibali atakuwepo.

Na ninyi vijana wenzetu, msisubiri barua. Jumamosi tunakutana kwenye cherehani ya dada yetu, ng'ambo ya laga. Njoo na kopo tupu, gunia au kipande cha godoro. Atakupima bure, lakini uzi ujinunulie. Safari hii kila nguo itakuwa na jina la aliyeishona, limedariziwa ndani ya kola, na yeye mwenyewe ameshaanza kukata ya kwake. Tumemuuliza atakuwa nani. Amekataa kusema.