MAMBO YA NYUMBANI: Kabati Lifungwe Ukutani

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, mnamo saa mbili na robo, nchi ilitetemeka chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Tetemeko hilo, ambalo kipimo chake kilikaribia 6, lilisikika hata Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mtikiso utokao mbali namna hiyo hufika polepole kama wimbi refu, na jengo la orofa nyingi huyumba nao kama mnazi katika upepo. Kwa sababu hiyo mtu wa orofa ya tano huweza kuona taa ikipembea, na jirani yake wa chini asijue kitu.

Wako watu wa Kisauni wasemao kwamba matetemeko ni mambo ya bara: ya Subukia, palipopasuka ardhi tarehe 6 Januari, 1928, au ya Bukoba, ambako watu zaidi ya 15 walikufa tarehe 10 Septemba, 2016. Maneno hayo yana kweli yake, kwani Kisauni haimo katika Bonde la Ufa. Walakini liko jambo jingine. Mtoto akivuta droo za kabati na kuzipanda kama ngazi, kabati huinama na kumwangukia, wala nchi haikutikisika hata kidogo. Basi kazi ya kulifunga kabati haipotei bure, hata tetemeko lisipokuja kwa miaka hamsini.

Namna ya kufunga yategemea ukuta. Katika nyumba ya fito na udongo, parafujo iliyotiwa katika udongo haishiki kitu. Yafaa itafutwe nguzo au boriti iliyomo ndani ya ukuta, na chuma cha pembe kifungwe hapo. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mwororo na wenye matundu: utobolewe kwa keekee, itiwe plagi ndefu, ndipo parafujo ifuate. Upande wa kabati, chuma kishikwe na mbao nene za fremu, karibu na juu, si ile mbao nyembamba ya mgongoni ambayo hung'oka kwa mvuto mmoja. Vyuma viwili vyatosha kwa kabati la kawaida. Mpangaji na amwombe kwanza mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Tundu dogo huzibwa kwa saruji siku ya kuhama.

Kisha liko kabati la vioo la sebuleni, lenye sahani za kaure ambazo hakuna alaye ndani yake mpaka waje wageni. Mabakuli mazito hupangwa juu yaonekane. Heri yashushwe rafu ya chini, ili uzito ukae karibu na sakafu. Milango yake itiwe komeo dogo, maana kioo na kaure vikimwagika gizani, watu hukatwa miguu wakati wa kukimbia. Televisheni nayo ifungwe kwa mkanda kwenye meza yake au ukutani.

Maji husahauliwa. Nyumba nyingi za Kisauni huweka akiba ya maji yaliyonunuliwa kwa mkokoteni, na mtungi wa lita 20 uliojaa una uzito wa kilo 20. Mitungi hiyo ikae chini, isipangwe juu ya rafu wala juu ya kabati. Tangi la lita 1,000 likijaa maji yake peke yake ni kilo 1,000. Jukwaa lake litiwe mihimili ya mshazari, kwani miguu iliyosimama wima tu hubeba mzigo vizuri lakini haistahimili kusukumwa kwa ubavu. Mtungi wa gesi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo, na valvu yake ifungwe kila upishi unapokwisha.

Kitanda kiondolewe chini ya rafu na kioo kizito. Pangaboi litundikwe kwenye kulabu iliyoshika boriti, si kwenye mbao za dari.

Mwisho ni habari ya kutu. Hewa ya chumvi itokayo baharini hula chuma upesi, na parafujo nyeusi ya bei rahisi huweza kuoza ndani ya ukuta huku kichwa chake chaonekana kizima. Zinunuliwe zilizopakwa zinki, na kila mwaka kabati lishikwe juu na kutikiswa kwa mkono. Likicheza, parafujo zitolewe na kutiwa nyingine.