Kabla ya kutuma feza, piga nimero unayoijua

Leo hatuongei juu ya bei ya gramu wala juu ya kodi za kwenye barieri. Tunaongea juu ya waeskro wa telefone, wezi wa maneno. Hawabebi silaha, hawaji usiku. Wanapiga simu mchana, wanaongea kwa heshima, na jioni nyumba inalala bila chakula.

M-Pesa iliingia katika inchi yetu mwaka 2012, na leo tunatumia pia Airtel Money na Orange Money. Kwetu Ituri hii si kitu cha starehe. Kutoka Bunia mpaka Mongbwalu ni karibu kilometa 80, na kila mmoja anajua barabara ile imetuchukulia watu wangapi katika vita hivi. Mchimbaji anayetembea na feza mfukoni anatembea na hatari. Njo maana tunatuma kwa telefone: feza ya chakula, ya minerval, ya dawa. Mwizi naye ameona. Amefuata feza pahali imehamia.

Tuseme namna wanavyofanya.

Ile inayotuumiza zaidi ni ya ajali. Mama yuko Bunia, bwana yuko chantier. Telefone inalia: "Allo mama? Miye niko hapa na bwana yako. Shimo limeanguka. Iko hospitali, lakini munganga anakatala kumushika kama hakuna dola 50. Tuma sasa sasa, nimero ni hii. Hapana kukata telefone!" Mama anapiga nimero ya bwana, haipatikani. Anatetemeka, anakopa kwa jirani, anatuma. Jioni bwana anatoka shimoni, mzima kabisa, hajui kitu.

Wengine watasema: mama huyo hakuwa na akili. Sisi tunakataa neno hilo. Mashimo yanaanguka kweli. Tumezika wenzetu, tunajua. Na mtu aliye chini ya udongo hana rezo. Hatuwezi kumwambia mama asiamini habari ya ajali. Mwizi anajua hivyo vyote, na anatumia hofu yetu ya kweli juu ya kuuza uongo wake.

Ya pili ni ya "nimekosea kutuma". Mesaji inafika, inafanana kabisa na ya kampuni: umepokea franka 60 000. Kiisha mtu anapiga analia: "Yaya, ni feza ya mugonjwa, nilikosea nimero, nirudishie." Angalia vizuri. Mara nyingi mesaji hiyo imetoka kwa nimero ya mtu tu, imeandikwa kwa mkono. Fungua akaunti yako mwenyewe, angalia feza iliyo ndani. Kama haikuongezeka, hakuna kitu ulichopokea. Na kama feza imeingia kweli, hapana kuirudisha kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake, wao wanajua namna ya kurudisha.

Ya tatu ni ya "sisi ni watu wa kampuni". Wanasema akaunti yako itafungwa leo, au umeshinda zawadi, na wanaomba namba ya siri au kode iliyofika kwa mesaji. Namba ya siri ni ufunguo wa nyumba. Mfanyakazi wa kweli haiombi, hata siku moja. Ile kode ya tarakimu sita ya WhatsApp nayo ni vilevile: ukiitoa, mwizi anachukua WhatsApp yako, na kwa jina lako anaanza kukopa kwa ndugu zako wote.

Ya ine ni ya kazi. Vijana wetu wanaotafuta kazi wanapata mesaji yenye jina la kampuni kubwa ya dhahabu au la shirika la wazungu: umechaguliwa, tuma dola 30 za dosie. Kazi inayoanza kwa kukuomba feza kwa telefone si kazi.

Ya tano ni ya kuzalisha feza: weka dola 20, kisha juma moja utapata 60. Wazee wanakumbuka Bindo kule Kinshasa. Mwaka 1991 ilianguka, na watu wengi walipoteza kila kitu. Feza ya wa kwanza ilitoka kwa mifuko ya wa mwisho. Ile ya leo ni Bindo ndani ya telefone.

Ukiangalia zote tano, utaona alama ni zile zile. Wanakuharakisha. Wanakukataza kukata simu au kuuliza mtu mwingine. Wanataka feza iende kwa nimero usiyoijua. Ukisikia hayo matatu pamoja, kata. Kama ni habari ya kweli, itabaki ya kweli kisha dakika kumi.

Lakini kumwambia kila mmoja ajichunge peke yake haitoshi. Kuko mambo tunayopaswa kufanya pamoja.

Kwa wenye mashimo, wale tunaowaita PDG, tunaomba kitu kimoja kisicho na bei: kila chantier iwe na watu wawili wanaojulikana, ambao ndio wanatoa habari ya ajali kwa familia. Nimero zao ziandikwe, na kila mchimbaji aziache nyumbani kwake mbele ya kushuka. Hapo mama akipigiwa simu na mgeni, atajua pahali pa kuuliza. Jina la mgonjwa na la hospitali viulizwe kwa hao wawili. Habari ya shimo isitoke kwa mtu tusiyemjua.

Kwa wenye kabini: kaye mnamoandika majina, nimero na feza za watu, mnaiacha wazi juu ya meza. Kila anayepita anasoma nani anatumia nani, na ngapi. Mwizi hahitaji uchawi juu ya kujua jina la bwana yako, anasoma tu. Fungeni kaye ile.

Kwa makampuni ya telefone: mnachukua feza yetu kwa kazi hii. Mtu aliyeibiwa anapopiga, ajibiwe haraka, maana feza ya wizi haikai katika akaunti.

Na kwa aliyeibiwa: usikae na haya. Piga kampuni mara moja, uombe wazuie feza. Usifute mesaji, usifute nimero, ndiyo ushahidi wako. Badilisha namba ya siri. Nenda polisi au parquet ya Bunia. Kifungu cha 98 cha Code pénal kinamtaja wazi mtu anayejipa jina la uongo au cheo cha uongo juu ya kuchukua mali ya wengine: kifungo ni kuanzia miezi mitatu mpaka miaka mitano pamoja na amende, au moja tu ya hizo mbili. Tunajua njia ya tribinali ni ndefu na inachosha. Lakini kama sote tunanyamaza, nimero ile ile itapiga kesho kwa jirani. Waambie wengine, kanisani, msikitini, sokoni, kwenye mkutano wa sendika.

Tunawaomba basi, mbele ya bwana au mtoto kurudi chantier, familia ikae pamoja. Muandike nimero mbili za watu wa chantier kwenye karatasi, muzibandike ukutani. Mchague neno moja la siri la nyumba, ambalo halimo katika telefone. Mtu akipiga akisema "bwana yako amenituma", mama aulize: amekupa neno gani? Kama hana jibu, mama akate, apige nimero iliyo ukutani.