Muhogo mchungu na akili ya mtoto

Mahindi yakikauka shambani, muhogo ndio unaookoa nyumba nyingi za Newala na Masasi. Mama huchimba, humenya, huanika makopa na kutwanga, na jioni watoto wanakula ugali. Hatari huingia pamoja na haraka.

Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wilayani Masasi walidhurika kwa kula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Tukio hilo lilichunguzwa na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake. Sumu yenyewe ni sianidi, ambayo iko kwa wingi katika muhogo mchungu.

Wengi wanajua kwamba sumu hii huleta kutapika na kizunguzungu. Wengine wamesikia habari za konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla na kumwacha mtoto mlemavu maisha yake yote. Kinachojulikana kidogo ni athari yake katika kujifunza. Mwaka 2013, utafiti wa Kahemba nchini Kongo ulionyesha kwamba hata watoto wasio na konzo, lakini wanaoishi kwenye eneo lenye ugonjwa huo, walikuwa nyuma katika kumbukumbu na kujifunza.

Lakini watoto hao walikuwa pia na njaa na umaskini. Utajuaje kama kosa ni la sumu? Ubongo wa mtoto haufanyiwi majaribio, ndiyo maana wanasayansi hutumia panya: chakula chao hupimwa, na sumu huongezwa kwa kipimo. Mwaka 2014, Samuel Kimani wa Kenya, Desire Tshala-Katumbay wa Kongo na wenzao waliripoti kwamba panya waliopewa sianidi kwa kiasi kisichoua walipungukiwa kumbukumbu. Panya si mtoto, lakini onyo linafanana.

Majaribio ya namna hii yanasaidia pia kueleza kwa nini mboga ni muhimu. Mwili huipunguza makali sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Muhogo una protini kidogo sana. Mtoto anayekula ugali mtupu kila siku anapokea sumu huku akikosa kinga yake.

Kuloweka muhogo siku kadhaa husaidia, ila juu ya uwanda wa Wamakonde maji ni ya shida. Ipo njia inayotumia maji kidogo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa pia vijijini mkoani Mtwara:

1. Weka unga wa muhogo kwenye bakuli, utie alama ulipofikia.
2. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza; endelea mpaka urudi kwenye alama.
3. Tandaza kwenye ungo au mkeka, unene usizidi sentimita moja.
4. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka hewani kama gesi.
5. Songa ugali siku hiyohiyo.

Kisha weka kando ya ugali huo mbaazi, kunde au dagaa, hata kama ni kidogo. Njaa haina subira, lakini saa 2 za jua mzazi anaweza kumpa mwanawe.